Kugeuza JPG, PNG na WebP kuwa BMP ambayo printa, mashine ya muhuri na skrini yako itaikubali

Wakuu, habari za muda huu. Naandika hii kwa sababu maswali yanayokuja ni yale yale. Mwenye mgahawa Sinza kanunua printa ya risiti Kariakoo, anataka logo yake itokee juu ya risiti, programu ya printa inamwambia leta BMP. Dogo yuko chuo anafanya projekti ya Arduino (kile kibao kidogo cha kielektroniki cha kujifunzia), skrini inaonyesha nyeupe tupu wakati picha ipo kwenye memori kadi. Fundi mihuri kaletewa nembo kutoka WhatsApp, akiichoma inatoka na madoa madoa. Wote hawa shida yao inafanana na ukishaelewa mambo machache tu utamaliza mwenyewe nyumbani bila kumlipa mtu.

Nadharia kidogo tu halafu tuingie kazini. JPG, PNG, GIF na WebP zote ni picha zilizobanwa ili zipite haraka kwenye intaneti na zisimalize bando la mtu. Chukulia JPG ni belo la mtumba limekazwa na mikanda, na BMP ni zile nguo zimetandazwa chini pale Karume, kila moja unaiona ilipo. Simu na kompyuta zina nguvu ya kufungua belo, ila kifaa kidogo kama printa ya risiti au bango la taa mara nyingi hakina hiyo akili, kinataka kikute pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, zimeshapangwa mstari kwa mstari kisome kimoja kimoja. Ndo maana kinadai BMP.

Na hapa naomba usome taratibu. Kugeuza kuwa BMP hakuiongezei picha ubora. JPG ikibana inatupa baadhi ya taarifa, na kilichotupwa hakirudi hata faili likue mara kumi. Picha ikiwa na ukungu itakuwa BMP yenye ukungu, nzito zaidi basi. Kwa hiyo kazi kubwa unaifanya kabla ya kugeuza, kugeuza kwenyewe ni dakika moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta, hata ya zamani, nitaelezea zaidi Windows kwa sababu ndo iliyojaa mtaani. Simu nayo inawezekana, nitaigusa mbele.

Programu: Paint unayo tayari. Ongeza GIMP, ni ya bure, na hii ndo nitakayoitumia kwenye hatua kuu kwa sababu inakupa uamuzi wa kila kitu. Ukiwa na picha nyingi kwa mpigo utahitaji IrfanView au ImageMagick. IrfanView ni bure kwa matumizi binafsi, ukiipakua pakua na plugini zake, bila hizo fomati kama WebP zinaweza kukusumbua. Vyote vichukue kwenye tovuti zao wenyewe, usichukue kwenye flashi ya mtu usiyemjua, flashi za stesheneri zina virusi mno.

Kitu cha tatu ndo watu wanakiruka halafu wanahangaika siku nzima, jua mashine yako inataka nini. Unahitaji majibu matatu: upana na urefu kwa pikseli, biti ngapi (yaani rangi ngapi, biti 1 ni nyeusi na nyeupe tu, biti 24 ni rangi zote), na kama inakubali BMP iliyobanwa au la. Angalia kwenye kijitabu chake au muulize aliyekuuzia. Hivi ndivyo vipimo vya vifaa vinavyoulizwa sana:

- Printa ya risiti ya karatasi ya mm 58: upana wa kuchapa kwa kawaida ni pikseli 384. Ile ya mm 80 mara nyingi ni 576. Zote nyeusi na nyeupe, yaani biti 1.
- Bango la taa la paneli za P10: paneli moja ni pikseli 32 kwa 16. Ukiunga tatu kwa upana unapata 96 kwa 16, hamna nafasi ya maandishi mengi hapo.
- Skrini ndogo ya OLED ya SSD1306: ile inayotumika sana ni 128 kwa 64, biti 1.
- Skrini ya rangi ya ST7735 ya inchi 1.8 ni 128 kwa 160, ile ya ILI9341 ni 240 kwa 320. Mifano mingi ya kodi za Arduino inataka BMP ya biti 24 isiyobanwa.
- Muhuri: hapa unaanza na milimita. Chukua milimita, gawa kwa 25.4, zidisha kwa dpi (vidoti kwa kila inchi) unayochomea. Muhuri wa mm 38 kwa 14 ukichoma kwa 600 dpi ni pikseli 898 kwa 331.

Mashine ya kudarizi naitenga makusudi. Hiyo haishoni BMP. Inashona faili kama DST au PES, BMP unaiingiza kwenye programu ya kutengeneza mishono halafu hiyo programu ndo inakutolea DST. Kwa hiyo fundi darizi ukisoma hapa, lengo lako ni BMP safi yenye rangi chache tu, usitegemee kuitia kwenye flashi ukaichomeka kwenye mashine.

## Hatua zenyewe

1. Tafuta picha asilia, sio ya WhatsApp.

Ukitumiwa nembo WhatsApp kama picha ya kawaida inakuwa imeshabanwa tena njiani. Mwambie mteja akutumie kama dokumenti, abonyeze kile kialama cha kubandika, achague dokumenti, atafute faili. Bora zaidi akupe PDF au faili la yule aliyemchorea. Ukijaribu kuvuta kwa karibu nembo iliyopita WhatsApp mara mbili tatu utaona pembeni ya herufi kuna vumbi vumbi la kijivu, na ukisogea zaidi unaona viboksi, hivyo ni vya pikseli 8 kwa 8, ndo JPG inavyokata picha. Kwa macho ya mbali huvioni. Ila mashine ya muhuri inaviona vyote, kila kivumbi kinakuwa kidoa kwenye raba.

Kama unachukua kwenye tovuti, fungua picha kubwa kwanza ndo usevu, usisevu ile ndogo ya kwenye matokeo ya kutafuta. Na kama nembo ni ya mtu, hakikisha una ruhusa yake.

2. Jua faili lako ni aina gani kweli.

Windows inaficha mkia wa jina la faili. Fungua folda yoyote, nenda View, weka tiki kwenye File name extensions, kwenye Windows 11 iko ndani ya View halafu Show. Sasa utaona kama ni .jpg, .png, .webp au .jfif. Hiyo .jfif isikutishe, ni JPG tu imepewa jina lingine.

ONYO, na hili ndo kosa namba moja: usibadilishe jina kutoka logo.jpg kwenda logo.bmp ukadhani umegeuza. Umebadilisha jina tu, ndani bado ni JPG. Kompyuta inaweza ikaifungua vizuri kabisa kwa sababu inachungulia ndani, ukajiridhisha, ukifika kwenye printa inagoma. Namna ya kuhakikisha: fungua faili kwa Notepad, usiogope hayo maandishi ya ajabu, tazama mwanzo kabisa tu. BMP halisi inaanza na herufi BM. Ukiona JFIF au Exif karibu na mwanzo hiyo ni JPG, ukiona PNG ni PNG, RIFF na WEBP ni WebP, GIF89a ni GIF. Funga bila kusevu, tena narudia, bila kusevu, ukisevu kwa Notepad unaliharibu faili.

3. Fungua kwenye GIMP na ujaze mandhari nyeupe.

PNG na WebP nyingi za nembo hazina kitu nyuma, yale maeneo ya vimraba vya kijivu ni uwazi. BMP za kawaida hazibebi uwazi, kwa hiyo ukigeuza hivi hivi unaweza kukuta nyuma kote kumekuwa kweusi, na kama nembo yenyewe ni nyeusi ndo imepotea kabisa.

Kwenye GIMP hakikisha rangi ya nyuma kwenye kile kiboksi cha rangi mbili ni nyeupe, halafu nenda Image, kuelekea chini kuna Flatten Image. Hiyo inajaza uwazi kwa rangi ya nyuma iliyopo. Ukiwa umeacha rangi ya nyuma nyekundu basi itajaa nyekundu, ndo maana nasema angalia kwanza.

Kama picha imepigwa na simu na imelala, inyooshe hapa hapa. GIMP ikikuuliza kama izungushe wakati wa kufungua, kubali. Simu mara nyingi haizungushi pikseli, inaandika tu maelezo pembeni kwamba picha isomwe hivi, na BMP haina sehemu ya kuhifadhi hayo maelezo.

4. Kata, halafu punguza saizi.

Kata maeneo matupu pembeni kwanza ili nembo ijae. Kisha Image, Scale Image, andika upana wa mashine yako. Ule mnyororo kati ya upana na urefu uache umefungwa, ukiufungua duara litakuwa yai.

Fanya hivi wakati picha bado ina rangi. Wengi wanaigeuza nyeusi na nyeupe kwanza halafu ndo wanaipunguza, herufi zinatoka zimeng'atwa ng'atwa. Punguza kwanza, nyeusi nyeupe baadae.

Kwa vifaa vya biti 1 upana uwe unagawanyika kwa 8, kwa hiyo 384 na 576 na 128 ni salama. Kwa vya biti 24 upana unaogawanyika kwa 4 unakuepusha na matatizo, sababu iko kule chini. Kwa muhuri hili halina haja maana programu za laser, yaani mashine inayochoma muhuri, zinajua kusoma upana wowote, acha 898 yako ilivyo.

Kukuza picha ndogo sishauri. Nembo ya pikseli 120 ukiivuta ifike 898 itakuwa na kingo zinazoyeyuka. Ni heri kuichora upya, kwenye Inkscape kuna Trace Bitmap inayosaidia kwa nembo rahisi, au mlipe mchoraji aitengeneze mara moja mteja abaki nayo maisha.

5. Amua biti.

Biti 24 ni rangi zote, GIMP ikiwa kwenye RGB (rangi za skrini) uko tayari, ruka hatua ya 6.

Biti 8 ni rangi 256, baadhi ya mashine za laser za kuchonga picha kwenye mbao zinapenda kijivu cha biti 8, kwa hiyo nenda Image, Mode, Grayscale.

Biti 1 ni nyeusi na nyeupe tu hamna kijivu, na hapa ndo kuna ufundi, twende.

6. Kutengeneza nyeusi na nyeupe iliyo safi.

Kwa nembo, maandishi na mihuri: nenda Colors, Threshold. Itatokea picha ya milima milima na kishale unachokisogeza. Pikseli zilizo giza kuliko hapo zinakuwa nyeusi, zilizobaki nyeupe. Usikubali tu namba iliyokuja nayo, vuta picha karibu kwenye herufi ndogo kuliko zote, kwa mfano namba ya simu au ule mstari wa S.L.P., halafu sogeza taratibu. Ukienda kushoto lile vumbi la JPG linapotea ila mistari myembamba inaanza kukatika, tundu la herufi A linafunguka. Ukienda kulia mistari inanenepa mpaka tundu la e linaziba. Tafuta pale katikati ambapo tundu liko wazi na mstari haujakatika. Vidoa vilivyogoma vifute kwa mkono kwa brashi nyeupe, inachukua dakika kadhaa lakini mteja ataona tofauti.

Halafu Image, Mode, Indexed, chagua Use black and white (1-bit) palette, na kwenye dithering, yaani kutawanya vidoti, weka None.

Kwa sura ya mtu au picha ya mazingira usitumie Threshold, itamfanya mtu awe na macho na nywele tu. Ruka moja kwa moja kwenye Indexed na dithering chagua Floyd-Steinberg. Hiyo inatawanya vidoti vizito na vyepesi ili jicho lione kijivu, kama picha za magazeti ya zamani. Kwenye printa ya risiti inapendeza, kwenye muhuri hapana, wino unajaa katikati ya vidoti.

Swali la kugeuza kushoto kulia kwa muhuri: angalia kwanza kama programu yako ya laser inageuza yenyewe. Ukigeuza wewe na yenyewe ikageuza, muhuri unatoka unasomeka vizuri kwenye raba na kinyume kwenye karatasi, raba imeshaharibika hiyo. Chagua sehemu moja ya kugeuzia na uwe unatumia hiyo hiyo siku zote.

Na tukiwa kwenye mihuri niseme wazi, mtu akikuletea picha ya muhuri wa ofisi ya serikali, shule au kampuni ambayo sio yake, usiuguse. Kughushi muhuri ni kosa la jinai na wa kwanza kutafutwa ni aliyeuchonga.

7. Toa BMP.

Kwenye GIMP usitumie Save, Save inatoa XCF, faili la GIMP yenyewe. Tumia File, Export As, andika jina na mkia wenyewe, mfano `logo.bmp`, bonyeza Export. Kitatokea kidirisha:

- Run-Length Encoded toa tiki. Hii inaibana BMP, ndo kitu tunachokikimbia. Kama imefifia haibonyezeki ni sawa, kwa picha hiyo haitumiki.
- Tafuta sehemu ya color space information: ikiwa imeandikwa Do not write color space information (iko ndani ya Compatibility Options) weka tiki, ikiwa imeandikwa Write color space information toa tiki. Bila hii GIMP inaandika kichwa cha faili (maelezo ya mwanzo kabla ya picha) kirefu ambacho vifaa vingi vidogo havikijui.
- Kwa picha ya rangi fungua Advanced Options na uchague R8 G8 B8 chini ya biti 24. Usichague biti 32 wala R5 G6 B5 labda kijitabu cha kifaa kimesema hivyo.

8. Hakiki kwa hesabu kabla hujatoka nyumbani.

Hii naipenda kwa sababu haidanganyi. BMP isiyobanwa ukubwa wake unajulikana kabla hata hujaifungua. Kwa biti 24: upana mara urefu mara 3, jumlisha 54. Hizo 54 ni kichwa cha faili, baiti 14 na 40. Skrini ya 240 kwa 320 lazima iwe baiti 230,454. Ya 128 kwa 160 ni 61,494. Kwa biti 1: upana mara urefu gawa kwa 8, jumlisha 62, kwa hiyo 128 kwa 64 ni baiti 1,086, na nembo ya risiti ya 384 kwa 160 ni 7,742.

Bonyeza kulia kwenye faili, Properties, soma Size kwa baiti, sio Size on disk. Ikiwa ndogo kuliko hesabu basi imebanwa au sio BMP. Ikizidi kwa baiti 68 au 84 umesahau ile tiki ya color space. Ikiwa kubwa kwa theluthi umetoa biti 32. Upana usiogawanyika vizuri unaongeza baiti kidogo kila mstari, kwa mfano ule muhuri wa 898 kwa 331 kwa biti 1 unatoka 38,458, hilo sio kosa.

9. Peleka kwenye kifaa.

Memori kadi ya Arduino iwe FAT16 au FAT32, na jina la faili liwe fupi, herufi zisizozidi 8 kisha nukta na bmp, bila nafasi. `logo1.bmp` sawa, `logo mpya ya mwisho kabisa.bmp` haitaonekana. Toa kadi kwa Eject, usiichomoe tu.

Kumtumia mtu WhatsApp tuma kama dokumenti, tena iweke kwenye ZIP kwanza. BMP ya nembo yenye rangi chache inapungua sana kwenye ZIP na inatoka vile vile ilivyoingia, umeokoa bando la watu wawili. Picha nzima ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ikiwa BMP ni karibu MB 36, fikiria mwenyewe.

## Njia ya mkato kwa Paint

Kama unachotaka ni biti 24 tu na picha haina uwazi, Paint inatosha. Fungua, Resize kwa pikseli, halafu File, Save as, BMP picture, na pale chini kwenye Save as type chagua 24-bit Bitmap. Hapo hapo utaona Monochrome Bitmap, hiyo kwa nembo yenye kijivu au rangi siishauri kabisa, inakata yenyewe bila kukuuliza na matokeo ni mabaya. Ikigoma kufungua WebP tumia GIMP au IrfanView.

## Picha nyingi kwa mpigo

Kwenye IrfanView bonyeza herufi B, kinafunguka kidirisha cha Batch, chagua BMP kama fomati ya kutoa, ingia Options uhakikishe haibani kwa RLE (ile ile Run-Length Encoded), weka tiki Use advanced options ili upange saizi na idadi ya rangi, ongeza mafaili, chagua folda ya kutolea, anza. Folda ya kutolea iwe nyingine, usichanganye na za asili.

Anayeweza kuandika amri atumie ImageMagick, hii ndo naiamini zaidi kwa kazi nyingi. Tengeneza folda iitwe `towe` kwanza, haijitengenezi yenyewe, halafu:

`magick mogrify -path towe -auto-orient -background white -alpha remove -alpha off -type truecolor -define bmp:format=bmp3 -format bmp *.png`

Badilisha `*.png` kuwa `*.jpg` au `*.webp`. Ile `-type truecolor` usiitoe, ukiitoa picha isiyo na rangi itatoka biti 8 badala ya 24 na skrini yako itaigomea hiyo moja tu utahangaika kujua kwa nini. Kwa nembo moja ya risiti:

`magick logo.png -background white -alpha remove -alpha off -resize 384x -colorspace gray -threshold 60% -type bilevel BMP3:logo.bmp`

Hiyo 60% ndo kile kishale cha Threshold, panda shuka nayo mpaka uridhike. Kwenye Windows andika `magick`, usiandike `convert` kama mafunzo ya zamani yanavyosema, Windows ina `convert` yake ya mambo ya diski.

## Mwenye simu tu

Kuna app na tovuti za kugeuza, nyingi zinafanya kazi, ila hazikuulizi biti wala kichwa cha faili, unapata bahati nasibu. Kwa projekti ya kujifunza sawa. Kwa nembo ya mteja, sahihi ya mtu, kitambulisho au muhuri, hapana, unakuwa umepandisha mali ya mtu kwenye kompyuta usiyoijua iko wapi, na tangu 2022 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Azima kompyuta ya rafiki nusu saa.

## Ikigoma

Picha imelala kama ngazi, kila mstari umesogea kidogo. BMP inataka kila mstari uishie kwenye baiti zinazogawanyika kwa 4, zisipotosha inajazia sifuri. Kodi au kifaa chako hakizijui hizo sifuri. Rekebisha upana ugawanyike kwa 4, kwa biti 1 ugawanyike kwa 32 kama inawezekana.

Imesimama kichwa chini. BMP ya kawaida inaanza kuandikwa mstari wa chini. Kifaa kinasoma kama imeanza juu. Kama kodi ni yako rekebisha kodi, kama sio yako igeuze juu chini kwenye GIMP.

Nyekundu imekuwa bluu, sura ya mtu imekuwa kama ya samaki. BMP inaandika bluu, kijani, nyekundu kwa mpangilio huo, kodi inasoma kinyume. Badilisha mpangilio kwenye kodi.

Nyeusi imekuwa nyeupe. Kifaa hakisomi jedwali la rangi lililoko ndani ya faili, kinachukulia tu kwamba 0 ni hivi na 1 ni vile. Rudi kwenye picha, Colors, Invert, toa upya.

Rangi zimeharibika kabla hata ya kugeuza. JPG iliyotoka kwa watu wa kuchapa mabango mara nyingi ni CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapa. Igeuze RGB kwanza, kwenye ImageMagick ongeza `-colorspace sRGB`.

GIF imetoa mafaili mengi. Ilikuwa ya kucheza, na BMP inabeba picha moja tu. Kwenye ImageMagick andika `picha.gif[0]` uchukue ya kwanza.

Risiti inatoka na nembo imekatwa upande. Upana umezidi printa. Rudi kwenye 384 au 576, na kama bado, jaribu kupunguza zaidi kwa hatua za 8.

Nembo imetoka saizi ya ajabu kwenye programu ya laser. Pikseli ziko sawa ila dpi haiko sawa, Paint kwa mfano huwa inaandika 96. Ipange kwenye GIMP, Image, Print Size, kabla ya kutoa, au andika milimita moja kwa moja kwenye programu ya laser.

Umefanya yote na bado kimya. Fungua Paint, tengeneza picha mpya yenye vipimo vile vile vya kifaa, ijaze rangi moja, kwa kifaa cha rangi tumia nyekundu na usevu 24-bit, kwa printa ya risiti chora boksi jeusi na usevu Monochrome. Peleka hiyo. Ikitokea, tatizo ni picha yako, rudi hatua ya 3. Isipotokea acha kuhangaika na picha, tatizo liko kwenye waya, kadi, dereva ya printa au kodi, na ukienda kwa fundi nenda na modeli ya kifaa, hilo faili la jaribio, na ukubwa wake kwa baiti.